Jumamosi Walipokuulizia

Yaya wangu Kavira,

Asubuhi hii ukungu umeingia hadi ndani ya nyumba. Unaujua ukungu wa Mususa, unavyoshuka kutoka kwenye mikaratusi na kujikalia sebuleni kama mgeni asiye na haraka. Mama bado amelala. Nimekaa karibu na dirisha na kikombe cha chai kinachopoa, na katika nusu usingizi huu nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimesikia kandambili zako uani. Si mara ya kwanza. Siku nyingine huwa naacha sauti ipite, halafu naendelea na kazi zangu, lakini leo nimeamua kukujibu.

Nina habari ya kukupa, na nataka uipate kwangu kabla hujaipata kwa watu. Nikianza na habari yenyewe utanikatiza, nakujua. Kwa hiyo nitaanzia mbali kidogo, na wewe utavumilia kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Tena barua hii siifungi kwenye bahasha, na wapo watakaoisoma ambao hawakujui. Acha niwaambie. Wewe ni dada yangu niliyekufuata kuzaliwa, na kwetu dada mkubwa ndiye yaya. Ulikuwa mfanyabiashara wa samaki, ukaolewa Beni. Asubuhi moja ya mavuno ulikwenda na wenzako kwenye shamba la kakao la mume wako, na watu wenye silaha wakatoka porini. Baadhi ya wenzako walirudi mbio, wengine wakaokotwa na kuzikwa. Wewe hukurudi, wala hukuokotwa. Miaka imepita juu ya jambo hilo na bado sijui nilimalizie vipi, ndiyo maana naliacha hapo.

Sasa nisikilize. Hapa Mususa, mtaa wetu wa Butembo, kuna mama mmoja fundi wa kushona, ana chumba kikubwa upande wa barabara. Jumamosi, baada ya salongo, watu wakishafagia barabara na kuzibua mifereji, anasukuma cherehani zake ukutani na kutuachia nafasi. Mpwa wake, Mwalimu Tsongo, anayefundisha sekondari, alibandika karatasi mlangoni: warsha ya uandishi kwa watu wazima, wanaopenda kutunga hadithi waje, Kiswahili kinatosha. Mimi nilikwenda kwa sababu ya hayo maneno ya mwisho. Unajua Kifaransa changu kilivyo, kinatembea kwa fimbo.

Tulikutana watu wa kila namna. Alikuwepo Papa Kakule, dereva mstaafu wa malori, mzee mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuwepo Mama Espérance, anayeuza kabichi na viazi sokoni na kuimba katika kwaya mbili za kanisa moja, kwa sababu anasema kwaya moja haimtoshi. Wengine walikuwa mafundi, wauguzi, wake za wachungaji, Wakatoliki na Waprotestanti, tumebanana kwenye mabenchi huku vipande vya vitenge vimetapakaa miguuni.

Siku ya kwanza tulisoma tulichoandika, na ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu. Sote tuliandika kama watu wanaotoa ushuhuda kanisani. Kila hadithi ilianza kwa "Bwana asifiwe" na kuisha kwa shukrani kwa Mungu, kwa mchungaji na kwa wote waliotusaidia katika sala. Mmoja alisoma habari ya mbuzi aliyepotea, na kabla mbuzi hajapatikana tukawa tumeshaitwa kutubu. Mwalimu Tsongo alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Batu ba hapa bote banajua kuhubiri," akasema. "Sasa, mbele ya kutuhubiria, mutuonyeshe mbuzi."

Akatupa kanuni yake, ambayo mwanzoni niliiona ya kikatili. Anayesoma, akishamaliza, ananyamaza. Hana ruhusa ya kueleza wala kujitetea. Wengine, mmoja mmoja, wanamwambia mahali walipoona kitu kwa macho na mahali walipopotea. Basi. Hakuna kumsifu mtu kwa kuwa ni mzee, hakuna kumkosoa kwa kuwa ni maskini wa maneno. Niliona wapi, nilipotea wapi.

Papa Kakule ndiye aliyeteseka kuliko wote, maana kueleza ndiyo starehe yake. Alikuwa ameandika kuhusu safari moja ya zamani, na sentensi yake kubwa ilikuwa kwamba barabara ya Beni ilikuwa mbaya sana.

"Mubaya ya namna gani, papa?" Mama Espérance akamuuliza. "Mi napitaka mule. Pale sikuone kitu."

Mzee alifungua kinywa, akakumbuka kanuni, akakifunga. Juma lililofuata alirudi na ukurasa mpya. Safari hii lori lilikuwa limezama matopeni hadi kwenye ekseli, baridi ilikuwa kali, na yeye alipanda kulala juu ya shehena ya kabichi kwa sababu ndani yake kulikuwa na joto. Alfajiri aliamka na jani limemganda shavuni, na akina mama waliokuwa wakienda shambani wakimpungia mkono na kumwita Papa Kabichi. Chumba kizima kiliona. Yeye mwenyewe alikaa chini akijifuta jasho, akasema afadhali kuendesha lori.

Nilipenda mahali pale, yaya. Nilipenda jinsi watu waliokuwa wakifika na uchovu wa juma zima walivyoinamia sentensi ya mtu mwingine kana kwamba ni mtoto mgonjwa wa kila mmoja wao. Nikitoka pale, barabara yote hadi nyumbani ilikuwa imebadilika. Nilikuwa naona vitu, hata rangi ya matofali.

Zamu yangu ilipofika nilisoma habari za utoto wetu. Niliandika vizuri, acha nijisifu. Niliweka jiko la makaa, mama akipepeta maharagwe, baba akirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Niliweka Masika, mkubwa wetu, akinibeba mgongoni kuvuka kijito. Wewe sikukuweka. Nilikuzunguka kwa uangalifu, kama mwenye pikipiki anavyozunguka shimo, na nilidhani hakuna atakayegundua.

Nilipomaliza, Mama Espérance alikohoa kidogo.

"Mi niliona moshi ya makaa," akasema. "Na baba yenu pia nilimuona. Lakini kuko fasi moja nilipotea. Kuko Masika, kuko Kavugho. Kavira iko wapi?"

Kwa wasiotoka kwetu nieleze: sisi Wanande jina linafuata mpangilio wa kuzaliwa. Msichana wa kwanza Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, ndiyo mimi. Ukitaja wa kwanza na wa tatu, umeshamtaja wa pili kwa kutomtaja. Mgeni angesoma ukurasa wangu mara nyingi asione kasoro yoyote. Pale chumbani, kila mtu alikuwa amekuona tangu nilipotamka jina langu, na walikuwa wamekaa wakikusubiri uingie hadithini.

"Pengine alikufaka angali mutoto," Papa Kakule akasema kwa upole, akitaka kuniokoa.

"Iko," nikajibu. Kanuni ilinikataza kujibu, lakini lilinitoka. "Kavira iko."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Watu wa huku wanajua ni maswali gani hayaulizwi. Mwalimu Tsongo alichukua muda kukunja karatasi zake, kisha akasema, "Basi, utuletee yeye juma yenye kuja," kama mtu anayeniagiza chumvi.

Sasa lazima nikueleze hali ya nyumbani siku zile, maana ulipokuwepo haikuwa hivi. Wakwe zako kule Beni walishakulilia. Walifanya kilio chao, wakamaliza, na mume wako alioa tena. Usimkasirikie sana, ana watu wa kulisha. Mama hakwenda. Alisema haendi kulilia nguo tupu. Ndipo Masika akashuka kutoka kwake Masereka, akaketi mbele ya mama akamwambia, "Mama, na siye tufanye kilio, tupumzike." Mama akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu siku ile hakusema tena na Masika. Masika alikuwa akituma viazi, kila mavuno, gunia zuri lililochaguliwa. Mama aliwagawia majirani vyote. Nyumba za jirani zilikula viazi vya Masereka, sisi tulikula mihogo, na mimi nilisikia harufu ya viazi ikipita juu ya uzio.

Kwa hiyo elewa hofu yangu. Masika alimpoteza mama kwa sentensi moja. Mimi ndiye niliyebaki naye. Nikikuandika, watu watauliza uko wapi, na jibu lolote nitakalotoa litamfikia. Nikisema unarudi, nitakuwa mwongo. Nikisema hurudi, nitafungiwa mlango ule ule, na safari hii nyumbani hatabaki mtu wa kumpikia chai. Niliogopa, yaya. Nilikaa na karatasi nyeupe magotini nikisikiliza anavyokohoa upande wa pili wa ukuta.

Hata hivyo sikuweza kuacha, na kosa ni lako. Unakumbuka safari ile ya Kyavinyonge, kule ziwani? Nilikuwa msichana mdogo, wewe ndiyo kwanza umeanza kuuza samaki, ukaniombea ruhusa kwa mama nikusaidie kubeba. Tulishuka mlima tangu gizagiza, baridi ya Butembo ikituacha kidogo kidogo, na mimi nikivua sweta, kisha kitambaa, mpaka tukafika chini kwenye joto ambalo sikujua kama lipo duniani. Ziwa lilikuwa limelala. Mitumbwi ilikuwa inarudi bila sauti kutoka ndani ya weupe, na mpaka leo sijui ulikuwa ukungu au moshi wa kukaushia samaki. Ulinikalisha juu ya gunia la chumvi.

"Angalia bale badiakoni," ukaniambia, ukionyesha makorongo wale wakubwa wenye vichwa vya upara, waliosimama ufukweni kwa mstari kama mashemasi kanisani, mabega juu. "Banangojea sadaka."

Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye gunia. Halafu ukaanza mchezo wako. Kila aliyepita ulimpa habari yake. Yule baba anayekwenda upesi bila kubeba kitu, ulisema, iko anaenda kumuomba bibi yake musamaha. Yule mama mwenye beseni jekundu ameota kwamba leo atapata samaki mwenye pete tumboni. Siku nzima ulitunga, huku mikono ikihesabu na kupanga tilapia, na wanunuzi wakikudhani unaongea nao. Nilirudi nyumbani nimejaa watu. Usiku ule, na siku nyingi baadaye, nilikuwa nikifumba macho namwona yule baba akipiga hodi kwa mke wake. Mpaka leo sijui kama alisamehewa, maana ulikataa kuniambia. Ulisema ukiniambia nitalala.

Basi nilikuandika. Na uandishi ule wa kwanza ulikuwa aibu tupu, nikuambie ukweli. Nilikuandika mpole. Nilikuandika mwenye kuamka kabla ya wote, mwenye sala, mwenye kugawa chakula chake. Sauti yako niliifanya nzuri. Nilisoma pale kwenye chumba cha cherehani, machozi yakinilenga, nikanyamaza kama kanuni inavyotaka nikisubiri nao walie.

Papa Kakule alikuna kidevu kwa muda mrefu.

"Huyu Kavira ni malaika," akasema. "Mi malaika nimesha kuona ku picha, ku kanisa. Sikuone mutu. Utuletee mutu."

Nilichukia. Nilitoka bila kuaga, na Mama Espérance akanifuata hadi barabarani, akanishika mkono. Tulisimama tukitazama pikipiki zikipita na vumbi lao jekundu. Kisha akaniuliza, "Kitu gani alikuwa anafanyaka, yenye ilikuwa inakukasirisha?"

Yaya, kinywa changu kilifunguka chenyewe. Nilimwambia unavyoiba macho ya samaki kutoka sufuriani kabla hatujaketi, yote, hata ya samaki wa baba. Nilimwambia unavyoimba vibaya, kwa nguvu, na kwa imani. Nilimwambia tukimenya viazi unavyomenya ganda nene ili umalize haraka ukacheze, na mama akija unalisukuma rundo la maganda mbele yangu. Nilimwambia unavyofinya ukishindwa ubishi. Nilipofika kwenye kufinya nilikuwa nalia kwa namna nyingine kabisa, mdomo wazi, barabarani, mbele ya watu, na mkono wangu umeshika mahali pale juu ya kiwiko ulipopapenda. Mama Espérance akatikisa kichwa.

"Sasa nimemuona," akasema.

Hilo ndilo nililojifunza kwa wale watu, na sidhani ningejifunza peke yangu mezani. Peke yangu ningekupamba mpaka ungepotea mara ya pili. Kila nilipoandika kitu kizuri tu, kulikuwa na mtu benchini wa kuniambia hakuoni. Na kila nilipokubali kuandika ulivyokuwa, na ukaidi wako na macho ya samaki, ulirudi ukakaa, na chumba kikakupokea. Walianza kukuzoea. Papa Kakule akawa anauliza, "Leo Kavira atatufanyia nini?" Nilisikia watu ambao hawajawahi kukuona wakikusengenya kwa upendo. Kwa miaka jina lako lilikuwa jambo la kunong'ona, na sasa, Jumamosi baada ya Jumamosi, lilikuwa linatajwa kwa sauti ya kawaida katikati ya mabaki ya vitenge.

Kisha Mwalimu Tsongo akasema tutasoma mbele ya jamaa zetu. Kila mtu alete watu wake, tunywe chai, wasikie tunachofanya. Ningeweza kusoma kitu kingine. Nilikuwa nacho, kidogo, kuhusu bei ya sukari. Juma zima nilibeba karatasi mbili mkobani, ya sukari na yako.

Nilimwomba mama aje. Aliniuliza nitasoma nini, nikamwambia habari za nyumbani. Alinitazama, akaenda kutafuta kitenge chake cha kanisani. Na Masika nilimtumia ujumbe ashuke kutoka Masereka, bila kumwambia kwamba mama atakuwepo. Nisamehe au nicheke, ningekuuliza wewe kwanza kama ungekuwepo.

Masika alifika amechelewa, matope miguuni. Alimwona mama kwenye benchi la nyuma, akasita mlangoni. Nafasi iliyobaki ilikuwa ile iliyo karibu na mama. Alikaa. Mama alitazama mbele, mikono imekunjwa juu ya mkoba. Niliiacha karatasi ya sukari mkobani, nikasimama.

Nilikusoma wewe. Nilisoma ziwa na madiakoni wake, nikasikia kicheko kikianzia mbele na kurudi nyuma, lakini hakikufika kwa mama. Nilisoma macho ya samaki. Nilisoma wimbo wako. Nikafika asubuhi uliyoondoka kwenda kuolewa, pikipiki imefungwa godoro na beseni nyuma, wewe umebanwa katikati ya mizigo, na sote tumesimama kwenye ukungu na nyuso za heshima, mpaka ulipogeuka kwenye kona ukatutolea ulimi. Hapo nilikomea. Sikuandika shamba. Sikuandika kurudi wala kutorudi. Niliketi nikanyamaza.

Watu walisema yao. Sikusikia kitu. Nilikuwa namtazama mama, na nikaona anainuka polepole, akishikilia cherehani kwa mkono mmoja, na moyo wangu ukaanza kwenda kwenye mlango kabla yake. Lakini hakuenda mlangoni.

"Na miye naweza sema?" akauliza.

"Sema, mama," Mwalimu akamjibu.

"Mi nilipotea pale ku pikipiki. Ile siku Kavira hakutokaka na pikipiki. Alitoka na Fuso ya bale batu ba mbao."

Kutoka ubavuni mwake ikaja sauti ya Masika, ndogo kama ya mtoto aliyeitwa darasani.

"Mama, ilikuwa pikipiki. Ni miye nilifungaka ile kamba ya godoro."

"Weye ulikuwa ku Masereka," mama akamwambia. Akamwambia yeye, yaya. Alimgeukia. "Weye haukukuwa pale."

"Nilishukaka jana yake, mama. Ulinituma nimuletee viazi vya njia. Kavira akavikatala, akasema vitamuchafua nguo. Ukamufokea."

Mama alibaki amesimama. Niliona midomo yake ikisogea, ikitafuta, kama mtu anayepapasa gizani kutafuta kiberiti anachojua kipo.

"Viazi," akasema mwishowe. "Ndiyo. Nilimufokea." Kisha: "Nilikuwa nilisahau viazi, Masika."

Akaketi, na akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akilia, hata baba alipokufa. Alilia na kichwa chake begani kwa Masika, na Masika akalia juu ya kitambaa cha mama, na Papa Kakule akatoka nje akasema anakwenda kuangalia chai, ingawa chai ilikuwa mezani mbele yake.

Tulirudi nyumbani watatu. Ukungu wa jioni ulikuwa umeanza kushuka na watu barabarani walikuwa nusu tu, miguu bila vichwa. Mama alikuwa katikati yetu, ametushika wote wawili. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ukali wowote. Alitembea hadi tukapita kanisa ndipo akasema.

"Munawaza nilikatala kilio juu ya nini? Munawaza mi ni mujinga, niko nangojea tu?"

Akatubana mikono zaidi, akaendelea.

"Baba yenu tulimulilia. Muzuri kabisa. Batu bakakuja, bakakula, bakaimba, tukamaliza. Nani anasemaka jina yake leo? Hata siye batatu hapa, nani? Kilio ikiisha, batu banafunga kinywa, banasema tusimukumbushe mama. Ya kufa ao ya kuwa muzima, ile ni Mungu anajua. Lakini ya kumalizwa, ile ni siye. Mi sikutaka Kavira amalizwe."

Miaka yote hiyo, yaya. Sisi tulidhani anakungoja, na tukakaa kimya kwa heshima ya kungoja kwake, na kimya chetu ndicho alichokuwa anakiogopa. Nilitaka kupiga magoti pale barabarani. Badala yake nilimwambia kuhusu yule baba wa Kyavinyonge aliyekuwa anakwenda kuomba msamaha, na mama akasema hakuwahi kusikia hiyo, na akataka yote tangu mwanzo, na Masika akaongeza zake ambazo mimi sikuzijua. Tulifika mlangoni tukiwa tunabishana. Kesho yake mama alipika viazi.

Sasa ndiyo habari yenyewe. Mama amekubali kilio. Ameweka sharti lake, na amelitangaza hata kwa mchungaji, ambaye alimeza mate lakini akakubali. Hakutakuwa na mahubiri marefu. Kila atakayekuja aje na kitu kimoja alichokuona unafanya, akiseme, kizuri au kibaya. Na baada ya siku hiyo hakuna atakayeruhusiwa kunyamaza. Wenzangu wa chumba cha cherehani wote watakuwepo. Papa Kakule anasema yeye hakukujua, lakini atasimama, kwa sababu ana mambo ya kusema.

Mimi sijui nijisikieje. Kuna saa najiona mwepesi, na kuna saa, kama hii ya ukungu, naogopa kwamba tunakufungia mlango huku wewe uko njiani. Sina wa kumuuliza ila wewe. Nakupenda, yaya, hata ulivyonifinya. Nimeandika kurasa nyingi sasa na katika zote nimejitahidi kutokukupendelea, na hiyo imekuwa namna yangu ya kukaa nawe. Ukungu umeanza kupanda. Mama ameamka, namsikia akitafuta viatu vyake na kuimba, na naona sasa ile sauti mbaya uliitoa wapi.

Tunakulilia Jumamosi. Ukitukuta tunalia, ingia tu.

Mdogo wako,
Kavugho